Jina ya Rafiki Yangu, na Kilasi Yote Iliyonyamaza

Hapana, admini wa hii page, si mambo ya mapenzi. Bibi yangu hajakimbia, iko hapa anapika, ananicheka ju naandika na kidole kimoja. Uliniuliza nani aliniumiza: ni batoto benye nilisoma nabo. Bote. Fichaka jina yangu, hata kama hapa muji ya Baraka batu bakisoma mistari mbili tu batanijua.

Niko na miaka makumi ine na kitu. Masomo niliishia ya sita ya primeri, tena niliifikia na miaka kumi na ine, ju kila mwaka vita inakuja, tunakimbia, tunarudia, tunaanza upya. Leo nauzisha mafuta ya pikipiki ndani ya chupa, kando ya barabara, batu banatuita kadafi. Nachekesha bateja mupaka banasahau kuuliza bei.

Rafiki yangu alikuwa Riziki (jina nimebadilisha). Tulikalia benchi moja. Nikisema uchizi, yeye njo wa kwanza kucheka. Lakini kisha kutoka ku bukimbizi, ngambo ya ziwa, akaanza kucheka nyuma. Yaani ninasema, batu banacheka, banamaliza, njo yeye anacheka. Mi nikazani ni njaa. Sisi bote tulikuwa na njaa.

Siku moja mujomba akanituma Mboko kubeba mihogo. Kurudia, nakuta bamemuzika Riziki. Omari, kapiteni wetu wa mupira, akanishika bega: «Ni risasi. Ilitoka ku mulima asubuhi.» Na kweli asubuhi ile silaha zililia, muji yote ilisikia. Wakati ile, risasi ilibebeshwa kila kifo, na haikukataa. Bakafanya kilio, tukalala inje na moto, bamama banaimba. Mi nililia mupaka sauti ikaisha.

Nikaapa mutoto wangu wa kwanza atabeba jina yake. Akakuja binti, lakini Riziki ni jina ya bote, bavulana na babinti. Siku ya kumupatia jina, kilasi yetu ilifika, bale benye vita ilituachia. Bakakunywa sukre yangu, soda za chupa, bakala kuku yangu. Omari akacheza na mutoto ku mikono. Mama ya marehemu akamubeba, akamuangalia sana, akamufunga ku mugongo na kitenge yake. Tangu siku ile, kila mugeni namuambia: «Huyu iko na jina ya shujaa! Risasi ilimukuta anaenda masomo!» Na Omari kando yangu anaongeza: «Na mupira ku mukono!»

Mwezi uliopita tulikuwa ku kilio Mboko, baba ya mwenzetu amekufa. Batu bamechoka kulia, nikaanza tena story ya risasi. Omari akasimama.

«Acha, ndugu. Acha! Hakukuwa risasi. Riziki alijiua. Mi na Esta wa kilasi yetu njo tulimukuta.»

Nikacheka. Mi nilizani na yeye amejifunza uchizi. Nikaangalia benzetu: hakuna mwenye anacheka, bote banaangalia chini.

Kwetu, muntu akijiua banamuzika mbio-mbio. Hakuna kilio, hakuna kulala inje, na jina yake habamupatiake mutoto. Mama ya Riziki aliomba Omari na Esta baseme ni risasi, ili aweze kumulilia mutoto wake kama bamama bengine. Mwalimu akakubali, kilasi ikaapa.

«Na mi?» nikauliza.

«We kinywa yako haina kufuli.»

«Hata siku ya jina? Ile kuku ulikula, Omari?»

«Tulingojana, ndugu. Kila mumoja alisema mwengine atakuambia.»

Sasa naelewa. Esta aliacha masomo mwezi ule ule, sisi bavulana tukasema ni mimba. Haikuwa mimba. Omari mupaka leo halale mulango imefungwa, na mi nilikuwa namucheka, «unangoja mwizi akuletee chai?» Balikuwa batoto, balibeba kintu yenye haibebeki, hakuna mukubwa alibauliza mumelalaje. Nabasikilia huruma. Na hasira iko pale pale. Baliniachia nitangaze uongo yabo miaka yote hii, banapiga makofi.

Mama-mukwe, koko ya batoto, amesikia. Anataka jina itoke, haraka, kabla laana haijaingia ndani ya nyumba. Binti yangu iko na miaka kumi na ine, ile ile ya Riziki. Juzi, tunakula, akaniuliza: «Papa, jina yangu iko na nini? Koko anakataa kuniita.» Nikatupa uchizi, bandugu zake bakacheka, bakamaliza. Njo yeye akacheka. Nyuma, admini. Nyuma kama ule mwengine.

Nikaenda kwa mama ya Riziki. Nikamukuta anachagua ndagala, samaki bale badogo ba ziwa. «Mama, ju ya nini ulinyamaza?»

Hakuacha kuchagua. «Mwanangu, tangu bamuzike, hakuna muntu aliita jina yake na kucheka. We njo wa kwanza. Ningekukataza namna gani?» Kisha akasema: «Jina umuachie mutoto. Ile risasi njo utoe.»

Basi nataka kuitoa, na sijue naanzia wapi. Mi mwenye nauzisha hata maji kwa muvuvi, mbele ya binti yangu nakosa neno.

Ju ya ile, tupatane biashara, we unayesoma. Kwenu iko muntu mumoja ananyamaza, ao anacheka nyuma. Umeisha kumuwaza, usinidanganye. Leo uende, ukae naye, umuulize, na akisema «niko bien, niko muzuri» usiondoke. Kisha uandike hapa chini neno yenye ulianza nayo. Siku ya Mungu, kisha kanisa, nitachagua moja kati ya maneno yenu, nitakaa na Riziki wangu nyuma ya chupa za mafuta, na nitaanza nayo.

Bei yangu ni ile. Haipunguke.