Gogo Lililobaki Msituni

Tulilisikia gogo kabla ya kuona chochote: ko-ko, ko, ko-ko-ko. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umefunika Kashebere, hata barabara iliyopita mbele ya nyumba yetu haikuonekana.

Enzi zetu kila mtu mzima alikuwa na jina lake la gogo. Gogo lile la mti, lililochimbwa kama ngoma, lenye mdomo mwembamba, liliita watu kwa mapigo kutoka mashambani, na aliyeitwa aliinuka hata kama vidole vilikuwa ndani ya bugali. Sisi watoto tulijipigia majina ya uongo kwenye sufuria za mama zetu, tukachapwa. Kisha wazungu wa serikali wakatuhamishia sote kando ya barabara. Gogo lilikuwa zito. Likabaki juu msituni, katika kijiji kisicho na watu, karibu na kaburi la babu aliyekuwa akilipiga.

Asubuhi hiyo Tate, mama wa baba yangu, aliacha kumenya ndizi.

“Ile njo jina yangu,” alisema.

Mama alijaribu kucheka. “Mama, kule hakuna muntu. Iko ndege tu, ile ya kugonga miti.”

“Ndege anajua jina yangu? Basi anashinda watoto yako kwa adabu.”

“Mwenye kupiga vile alikuwa bwana yako peke yake. Na tulimuzika kulekule! Usiende, Mama. Hautarudi.”

“Ameniita,” alisema Tate. “Nikae nimunyamazie?”

Nilishika kitenge chake. Akaniwekea mkononi ndizi aliyoimenya nusu, akasimama. Hapohapo gogo likanyamaza, kama mtu aliyekuona umeinuka.

Wanaume walipopanda baadaye, walikuta gogo limeota uyoga pande zote, halina hata kovu la fimbo. Tate hawakumkuta.

Leo vijana wetu wanakimbilia honi ya lori. Mama zao wakiwaita, wanajibu “nakuja” huku wamekaa, wanachana nywele. Nacheka nao, hadi ukungu ushuke. Hapo natega sikio, nami sina jina la gogo, hakuna wa kuniita.

Tate alikuwa nalo. Asubuhi ile alijifunga kitenge upya, akaitikia kule mlimani kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya bibi-arusi: “Nakuja!” Kisha akatutazama.

“Musinifuate. Ameita muntu moja.”

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.