Vidole vya Mama Povu

Mama mdogo ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Povu. Zamani alikopa akanunua mashine ya kufulia. Mashine ikaungua hata hajaizoea, deni likabaki palepale. Wakopeshaji walikuja mchana kweupe wakabeba makochi, majirani wamejazana kama wako sinema. Mama mdogo hakujificha chumbani. Aliwashikia mlango usiwagonge. Kisha akarudi kwenye beseni, akafua kwa mikono mpaka deni likaisha.

Juzi hosteli ya wauguzi ikamtaka awafulie mashuka. Sharti ni malipo kupitia benki, na akaunti iwe imefunguliwa kabla ya jioni ya kesho yake, la sivyo kazi anapewa mwingine.

Kesho yake asubuhi tulienda benki. Alikuwa ameshafua mzigo mzima, maana kwake siku isiyoanza na povu haijaanza.

Kijana wa benki alitazama kompyuta, akashusha sauti. "Mama, naona hapa uliwahi kuwa na mkopo..."

"Sema tu baba, usininong'oneze kama tunaiba. Nilikopa, nikashindwa, wakanibebea makochi. Halafu nikalipa. Shuka chini hapo, hujafika mwisho."

Foleni nzima iligeuka. Mimi nilitazama sakafu, yeye akamtazama kijana.

"Kweli. Umemaliza mpaka riba."

"Enhe. Tuendelee."

Kumbe kazi ilikuwa kwenye vidole. Kile kioo cha kusomea alama za vidole kilikataa dole gumba, kikakataa na kidole cha pili. Sabuni ilikuwa imekula mistari yote.

"Hazisomeki, mama. Pumzika kufua siku chache, urudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo hayo mashuka yako kwenye kamba ya mwenzangu! Alama zangu ndizo nilizolipia lile deni, mwanangu. Unataka nikupe zipi tena?"

Fundi viatu wa mtaani kwetu akadakia kutoka nyuma. "Mama Povu, waulize kama wanapokea kidole cha mguu!"

"Cha mguu nakutunzia wewe, shemeji, siku ukija kukopa."

Watu wakacheka, hata mlinzi. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa anafikicha hewa taratibu, kama ameshika kola ya shati, huku akiichunguza mikono yake. Nami nikaona alichokiona. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kimesimama pembeni peke yake, hakigusi kitu.

"Jaribu hiki," akasema. "Hiki mvivu, wenzake wakifua chenyewe kinatazama."

Kijana akakifuta kwa kitambaa, akakiweka juu ya kioo. Tukasubiri. Taa ikawaka kijani.

"Hongera, mama."

"Asante, baba. Sasa niandikie namba, kubwakubwa."

Hakungoja tufike nyumbani. Alisimama palepale kwenye ngazi za benki, shingo imenyooka, akampigia matroni wa hosteli.

"Ndiyo, ninayo. Kwa jina langu mwenyewe. Leteni hayo mashuka, hata leo."