Fainali ya Viunzi

Tangu mitumba ijae sokoni Majengo, fundi cherehani wa baraza ya jirani yetu hashoni nguo mpya. Anapunguza suruali tu. Siku ya fainali ya kuruka viunzi ya mashindano ya dunia, alianika betri za redio juani tangu asubuhi, akizigeuza kila baada ya mshono, ili zipate nguvu ya kumfikisha jioni, saa ya mbio.

“Fundi, utazikausha kama mihogo,” alimtania Bernadina, muuza vitumbua. Fundi akazigeuza tena.

Mbio zilipoanza aliacha kukanyaga cherehani, akalaza sikio kwenye redio. Zikaisha upesi. Mtangazaji akahamia mpira. Yeye hakuondoa sikio. Nikamuuliza nani ameshinda.

“Sikushika jina,” akasema. “Kuna mmoja ameanguka kiunzi cha sita. Hawajasema kama ameinuka.”