Darubini ya Mkuyuni Ilivyopanda Angani

Sisi tuliokulia Mkuyuni enzi za ruksa, tuliokula mapanki, mifupa ya sangara ya kukaanga, na kucheza rede mpaka vumbi likafika magotini, tulijua darubini ni moja tu: ile ya zahanati, ya kutafutia malaria kwenye damu yako na minyoo kwenye choo chako. Mpimaji alikuwa baba yangu. Nilijidai kwelikweli, maana ni mimi peke yangu ambaye baba yake alishaona choo cha balozi wa nyumba kumi.

Basi ile darubini ikaingia ukungu. Baba akaifunga kwenye kitenge cha mama, akaipeleka kwa fundi saa wa Kirumba, kwa sababu enzi zetu fundi saa alitengeneza chochote chenye kioo. Wiki iliyofuata akakuta kibanda kimefungwa na fundi kahama nayo.

Miaka ile ya ruksa kila kitu kilikuwa kinauzwa, viwanda, magari ya shirika, hata mabati ya ghala la ushirika, kwa hiyo watu hawakuhangaika kufikiri: mpimaji kauza. Kamati ya zahanati ikampa mpaka Jumamosi, airudishe au apelekwe polisi. Mama aliacha kwenda gengeni kwa aibu. Mimi niliondolewa kwenye rede. Niliogopa mpaka tumbo likauma, na wa kunipima hakuna.

Jumamosi kamati ikakaa uani kwetu. Mwenyekiti wake, Mama Koku, mjane wa Kihaya ambaye hata mbwa walimpisha njia, alikuja na redio kwapani. Akasema kwanza tusikilize taarifa ya habari. Mtangazaji akasoma kwamba darubini iliyopelekwa angani kutazama nyota za mbali, zilizokuwepo kabla ya dunia hii, ina kasoro kwenye kioo na inaona ukungu. Wataalamu watapanda hukohuko kuitengeneza.

Mama Koku akazima redio.

"Mmesikia. Ya kwetu ilikuwa na nini?"

"Ukungu," kamati ikajibu.

"Basi ndiyo hiyohiyo, imeazimwa. Mpimaji angesemaje, na hiyo ni siri ya serikali?"

Baba, mkweli kupita kiasi, akasimama. "Jamani, ile ya angani ni kubwa kama basi la Shinyanga."

"Kaa chini, Baba Neema. Umetunza siri, inatosha."

Mzee Masanja, aliyeacha kopo lake zahanati siku ileile darubini ilipoondoka, akanyoosha mkono taratibu. "Na choo changu je? Kimepanda na hiyo dalubini?"

Kamati ikajadiliana, ikaona inawezekana. Mzee akatoka kifua mbele, na tangu hapo kila jioni alikuwa anatazama juu kama mtu aliyesomesha mtoto ng'ambo. Baba akabaki kazini, akawa anapeleka vipimo hospitali kubwa kwa baiskeli, na kwa kazi hiyo tukasoma wote watano.

Mwaka tuliomzika baba, nilimfuata Mama Koku msibani. Nikamwamkia, nikamuuliza kama siku ile aliamini kweli.

"Mwanangu, marehemu mume wangu alifundisha sayansi miaka ishirini. Ile habari niliisikia asubuhi, nikajua mchana watairudia. Baba yako hakuwa mwizi. Ushahidi sikuwa nao, redio nilikuwa nayo."

Siku hizi wanangu wana nyota zote kwenye simu, za rangi, na wakisikia habari ya kopo la Mzee Masanja wanacheka mpaka wanalala chini. Wanatuona tulikuwa washamba, na kweli tulikuwa. Ila mwezi uliopita nesi mmoja, binti wa mtaani kwetu, aliitwa mwizi wa dawa kwenye kundi letu la simu. Picha yake ilizunguka kabla hajamaliza kunywa chai. Nilimjua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na nilijua hawezi kuiba. Simu nilikuwa nayo mkononi. Sikuandika kitu.