Kuni kwa Mtu Aliye Hai

Odeta alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kuuliza. Pale Mkuyuni, kando ya barabara iendayo Nyegezi, alikuwa anakaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani minofu ikishapelekwa Ulaya, na kila aliyeinama kuchagua kipande alijua hataondoka bila kuulizwa. Dereva wa lori la kiwanda aliulizwa kama Wazungu wanakula minofu kwa ugali au kwa kitu gani. Mwalimu aliulizwa wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi wanakufa au wanahama. Mwalimu akasema hajui, akalipa, akaondoka akiwaza.

"Mama Selina," Gladness alikuwa anamwambia, maana walikaanga jiko kwa jiko, "wewe siku ukifika mbinguni mlango utafungwa na wewe uko nje, unauliza bawaba zimetengenezwa wapi."

"Kwani zimetengenezwa wapi?"

Gladness anacheka mpaka mafuta yanamrukia.

Lakini mwaka ule kulikuwa na swali ambalo Odeta aliliuliza na hakuna aliyecheka. Mashirika yalikuwa yanauzwa, viwanda vinapunguza watu, wanaume waliozoea king'ora cha asubuhi walikuwa wanaamka na kukaa barazani hawajui miguu waipeleke wapi. Mmoja wao akajiua. Kikundi cha kuzikana ndicho kilichomzika, na Odeta na Gladness walikuwa wanachama. Walimzika harakaharaka, macho chini, kama watu walioiba. Pale makaburini Odeta akauliza, kwa sauti yake ileile ya kuuzia samaki, "Hivi wiki yake ya mwisho alikuwa anasema nini?"

Watu walimkata jicho. Mama mmoja alimfinya mkono. Mwenyekiti wa kikundi, mzee Ngosha, alirudi nalo nyumbani lile swali, na kumbe halikumpa usingizi. Siku ya mkutano akasimama. "Jamani, sisi kazi yetu ni kubeba sanduku tu? Hatuwezi kufika mapema kidogo?"

Ndivyo nesi Immaculata alivyopatikana. Alikuwa amesomea kuuguza wagonjwa wa akili, mwanamke mfupi, mpole, anayetembea na leso mkononi kwa ajili ya jasho. Kila Jumamosi walikutana naye kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao.

"Leo," nesi akasema Jumamosi moja, "tunajifunza kuuliza."

"Basi Mama Selina afundishe," Gladness akadakia, "sisi tukapumzike."

Darasa zima likaangua kicheko, na Odeta mwenyewe akacheka. Nesi akasubiri wamalize. Kisha akasema kwamba mtu akionekana amezidiwa, hakuna kumzunguka. Hakuna kumuuliza za watoto na za mvua halafu ukajiondokea. Unakaa naye mahali penye faragha, unamwangalia, unamuuliza kwa neno lenyewe: Unafikiria kujiua?

 Hata waliokuwa wanajipepea waliacha.

"Nesi," mzee Ngosha akasema, "samahani. Neno hilo kwetu halitajwi nyumbani kwa mtu. Ukilitaja, umelikaribisha na kulipatia kiti."

"Shikamoo mzee, na mimi naomba samahani," nesi akajibu. "Huyo aliye nalo, tayari amelipatia kiti. Anakula nalo, analala nalo, na hana wa kumwambia. Wewe ukimuuliza humpi wazo jipya. Unamwonyesha tu kwamba kuna mtu anaweza kulisikia asikimbie."

Akawapanga wawili wawili wajaribu. Odeta akageuzwa kumtazama Gladness. Yeye aliyewahi kumuuliza katekista kama Nuhu alikuwa na kunguni kwenye safina, mdomo ukamkauka kama umejaa majivu.

"Mama Anna," alianza, "una... unafikiria... unafikiria kupika nini leo?"

Gladness akalala juu ya dawati kwa kicheko. Nesi pia alicheka, kwa haya, leso mdomoni. Kisha akasema warudie, na wakarudia, mpaka neno lile likatoka, dogo na lenye kutetemeka, na dari la shule halikuanguka. Odeta alishangaa sana. Alikuwa anatazamia kitu kitokee. Kilichotokea ni kwamba Gladness, badala ya kucheka, alimshika mkono.

Baada ya hapo nesi akaeleza dalili. Mtu halali. Chakula hakipandi. Anasema yeye ni mzigo kwa watu. Na wakati mwingine, akasema, anaanza kugawa vitu vyake, hasa vile alivyokuwa anavipenda.

Hapo Odeta akajifunga kanga mabegani, na jua lilikuwa la saa nane.

Kulikuwa na jirani yao, Muganyizi, baba yake Ponsian, Mhaya wa Bukoba. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo mpaka walipompunguza, kisha akawa anaunda majiko na kuchonga vichujio barazani kwake. Walimwita Nshomile, kama Wahaya wote wanavyotaniwa kwamba wanajiona wasomi, naye alikuwa anaitika kwa madaha. Koleo lake lilikuwa halitoki mkononi. Hata ukimwomba akukazie waya tu, atakuja nalo mwenyewe na kuondoka nalo mwenyewe. Basi siku chache nyuma alikuwa amefika pale kwenye mapanki, akaliweka mezani.

"Chukua, ugeuzie samaki. Mimi sina kazi nalo tena."

"Kwa nini, shemeji? Umepata jipya?"

Muganyizi alitabasamu tu, akaenda zake. Na Odeta alikaa na swali lile siku zote hizo, analigeuza huku na huku pamoja na samaki: mtu anawezaje kugawa koleo? Nyundo alishampa jirani wa chini. Sasa jibu lilikuwa limesimama mbele ya ubao, linasomwa na nesi kwa sauti ya taratibu, na Odeta hakulitaka.

Kipindi kilipoisha alimvuta Gladness na mzee Ngosha pembeni akawaeleza. Wakamtafuta nesi; alikuwa amekwisha kuondoka, anawahi kivuko cha Kamanga, nyumbani kwao Sengerema kulikuwa na mgonjwa. Angerudi katikati ya wiki. Lakini maneno yake wote watatu waliyakumbuka: msimwache peke yake, kakaeni naye, msikilizeni, mleteni hospitali.

"Tunakwenda leo hii," Ngosha akasema.

"Tunakwendaje?" Gladness akauliza.

Na kweli, walikuwa hawajui. Mgonjwa unampelekea machungwa. Mzazi unampelekea sabuni na unga wa uji. Mfiwa unampelekea kuni. Sasa mtu aliyesimama kwa miguu yake, shati limepigwa pasi, unamwendea umeshika nini mkononi?

"Nesi kasema tukakae naye," Ngosha akasema baada ya kufikiri. "Kukaa na mtu, sisi si tunajua? Tumekaa na wangapi?"

Hakuna aliyeona kosa. Wakaitana kama walivyozoea kuitana, na jua lilipopungua ukali wanawake wa kikundi walikuwa wanapanda kile kilima cha mawe kwa mstari, kanga zimefungwa viunoni, kuni kichwani, mmoja kabeba unga, mwingine sufuria kubwa la kikundi. Nyuma yao wanaume na mikeka. Watoto waliokuwa wanateleza kwenye majabali waliacha kuteleza wakawapisha.

Kokulinda, mke wa Muganyizi, alikuwa anaanua nguo. Akageuka. Akaona kuni, akaona kanga, akaona sufuria. Kila mtu Mkuyuni alilijua sufuria lile linaingia nyumba ya aina gani. Mumewe alikuwa ametoka tangu asubuhi.

Akapiga ukelele. Haukuwa ukelele wa kawaida, ulipanda ukagonga majabali ukarudi, jina la mumewe lote, na jina la baba yake, kisha akakaa chini palepale na nguo mbichi mikononi. Mlango kwa mlango watu wakatoka. Wanawake wa kikundi, waliposikia kilio, nao wakadhani wamechelewa, kwamba limeshatokea. Gladness akatupa kuni akaanza kulia.  Odeta akawaza: nilikuwa na siku zote zile, na swali nilikuwa nalo.

"Kuna nini? Nani kafa?"

Muganyizi alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, anahema, amepanda mbio kufuata kelele. Viatu vilikuwa na matope ya ziwani. Watu wakamtazama. Kokulinda akamtazama. Halafu akanyanyuka akamrukia, akamshika shati kwa mikono miwili, huku anampiga kifuani na kumkumbatia, haijulikani kipi ni kipi.

"Nauliza nani kafa?" Muganyizi akarudia, safari hii kwa sauti ndogo. "Mmekuja kumlilia nani?"

Mzee Ngosha alikohoa. Hakuna mwenyekiti aliyewahi kuwekwa pabaya kama pale.

"Hakuna aliyekufa, Baba Ponsian," akasema. "Tumefika kabla."

Muganyizi alitazama kuni zilizotawanyika. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, kile kicheko cha kushindwa kujizuia, mwingine akakidaka, na kwa dakika moja kilima kizima kilikuwa kinacheka na kulia kwa pamoja. Muganyizi yeye hakucheka. Uso wake ulikuwa unafanya kazi ngumu.

Odeta akamsogelea. "Shemeji, njoo huku kidogo."

Wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye jabali ambalo unaliona ziwa lote mpaka ng'ambo. Wakakaa. Odeta alikuwa na maswali mia ya kumzungukia nayo. Yote yalikuja, na yote akayaacha yapite.

"Baba Ponsian, unafikiria kujiua?"

 Kunguru wawili walipita. Odeta, ambaye hajawahi kusubiri jibu bila kuongeza swali la pili, alisubiri.

"Nani kakwambia?" Muganyizi akasema mwishowe.

"Umenipa koleo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekamatwa na mtoto. "Wewe mwanamke na maswali yako." Kisha akasema, "Ndiyo."

Na baada ya ile ndiyo, mengine yakafuata yenyewe. Alisema nyumba imekuwa kimya mno. Kwamba miaka yote alilalamikia kelele za mashine, na sasa anaamka gizani kwa sababu hazipo. Kwamba alikuwa amepiga hesabu kichwani na kuona wenzake wangepumua yeye akiondoka, hata Kokulinda. Asubuhi ile alikuwa ametembea ufukweni mpaka akachoka, hajui anatafuta nini.

"Lakini nimemsikia pale," akasema. "Sikujua mama Ponsian ana sauti kubwa namna ile."

"Hata mimi sikujua," Odeta akasema. "Imenitoboa."

Akaona kitu kinapita mdomoni kwa Muganyizi, hakikuwa kicheko lakini kilikuwa ndugu yake. Hapo akamuuliza swali la pili ambalo nesi aliwafundisha, kama kuna kitu chochote amekiweka ndani kwa ajili ya jambo hilo.  Muganyizi akainuka, akaingia ndani, akatoka na kifurushi. Mzee Ngosha alikipokea bila kukifungua, akaondoka nacho, na mpaka leo hajamwambia mtu alikipeleka wapi, ingawa Odeta amemuuliza sana.

Kuni zilikuwa zimeshafika, basi zikawashwa. Wakapika. Wanaume wakatandika mikeka nje wakakaa kama wanavyokaa msibani, ila mwenye msiba alikuwa yupo, anapakuliwa ugali, na Gladness anamgombeza ale.

"Nshomile, kula. Hii si ya Kihaya, haina ndizi, lakini tumbo halijui kabila."

"Sasa mtakaa mpaka lini?" Muganyizi akauliza.

 Ngosha akajikuna kidevu. "Matanga ya mtu aliye hai hatujui yanaanuliwa lini. Hatujawahi kuyakaa."

Wakakaa kwa zamu, hawakumwacha. Nesi aliporudi wakamsimulia kwa fahari, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Na kuni? Na sufuria? Jamani! Mngemuua mke wake kwa mshtuko!" Akawaambia wakati mwingine waende watu wawili, kanga mabegani, bila kubeba kitu, na aibu ya mtu isitangazwe kilimani. Walikubali kwamba kweli walikosea. Nesi ndiye aliyempeleka Muganyizi hospitali, akaanzishiwa dawa na siku za kwenda kuzungumza na daktari, Kokulinda akiwa naye.

Mtu asidhani iliisha hapo. Kuna wiki Muganyizi alikuwa anaunda majiko na kutukana siasa kama zamani, na kuna wiki alikuwa anatazama ukuta. Odeta akaweka desturi ya kupitia kwake asubuhi, kabla hajashuka kuwahi lori la mapanki. Anamuuliza lile swali, wazi, kama unavyouliza kama mvua imenyesha. Siku nyingi anajibiwa, "Leo hapana, nenda kakaange."

Asubuhi moja, mawingu yamelala juu ya ziwa, alimkuta kizingitini na kikombe cha chai kilichopoa. Kokulinda alikuwa ameteremka kuchota maji.

"Mwangaluka, Nshomile. Unafikiria kujiua?"

Muganyizi alikizungusha kikombe mkononi. Chini barabarani lori lilikuwa limefika, honi inapigwa, wakaangaji wanagombania nafasi.

"Leo kidogo," akasema.

"Haya," Odeta akasema, akatua beseni lake, akakaa. "Kidogo ndiyo inakuwaje? Nieleze."