Begi Laini la Hasifa

Hasifa, mwenye duka la rangi mtaani Ntinda, hakuwa mtu wa kubabaishwa. Bastola yake ilikuwa na leseni, na kila Jumamosi aliipeleka uwanja wa shabaha jinsi alivyofunzwa: yenyewe tupu ndani ya begi laini kwenye kiti cha nyuma cha gari, risasi kwenye buti la gari ndani ya kopo lililofungwa.

Jumamosi moja, chini ya kilima cha Naguru, polisi wakamsimamisha. Aliweka mikono juu ya usukani, akasema kabla hajaulizwa, "Afande, kwenye begi hilo kuna bastola. Haina risasi. Leseni hii hapa."

Askari mmoja aliisoma leseni, akafungua mlango wa nyuma, kisha zipu ya begi, akaitoa bastola na kuigeuzageuza kama simu mpya. Mtutu ukatua kifuani kwa Hasifa. Asubuhi hiyo alikuwa ameikagua mara tatu. Yeye alijua ni tupu. Moyo wake haukujua.

"Afande, geuza mtutu pembeni."

Askari akacheka. "Mama, mbona unaogopa? Si umesema haina risasi?"

"Hayo nimesema mimi," akajibu Hasifa. "Wewe umeangalia?"

Kicheko kikakatika. Askari akatazama kidole chake mwenyewe. Kilikuwa kwenye kifyatulio.