Mchimba Visima Mwenye Kwao

Nianze na hasira zangu kabisa, maana nikizificha nitakuwa nawadanganya. Nina hasira na watafiti, nina hasira na Seifu wa Maneromango, na nina hasira na mdomo wangu mwenyewe. Naitwa Hajira, nauza uji na chapati sokoni Mlandizi. Mtu ninayetaka mumjue anaitwa Mwishehe.

Mwishehe ni mchimba visima. Nenda Mkuza, kwenye zile nyumba zenye mageti na maua, uliza visima vyao kachimba nani. Miaka ishirini mtu huyo ameshushwa kwa kamba, futi arobaini chini, kwenye tope na baridi, na mwenye nyumba juu anamteremshia kichupa cha gongo eti apate joto. Wao ndio waliomfundisha! Leo wanaoga maji yake, wanapikia maji yake, na akipita getini wanamfungulia mbwa. Kuna watu hawana haya, jamani.

Kazi zilipomkaukia akabaki sokoni. Analala chini ya meza za wauza dagaa. Alfajiri anaamka, anakunja kiroba chake, anafagia mbele ya jiko langu bila kuombwa, halafu anakaa kwenye benchi langu huku mikono ikimtetemeka hadi kikombe cha uji namshikia mimi. Akishapata gongo yake ya kwanza mikono inatulia, na hapo ndipo unamwona Mwishehe mwenyewe, mcheshi, mwenye adabu, anayejua nani kamzaa nani Uzaramo nzima.

Mwaka jana Ramadhani ilipoingia aliapa kwamba ameacha. Hakumshirikisha mtu. Siku ya kwanza jasho, siku ya pili anaongea na watu tusiowaona, siku ya tatu akaanguka mbele ya jiko langu, mwili umekakamaa, povu na damu mdomoni, ulimi kaung'ata. Watu wakasema jini. Mmoja akammwagia ndoo ya maji, mwingine akawa anamzaba makofi ili jini litoke. Niliwafukuza kwa mwiko wa uji, nikampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Muuguzi akaniambia wazi, "Mama, hapa hakuna jini. Mwili uliozoea pombe hivi ukikatiwa ghafla unaanguka. Akirudia kuacha peke yake, mtamzika."

Sasa Ramadhani nyingine ilikuwa imebaki wiki tatu, na Mwishehe ameshaapa tena. Nikimwambia asiache, mimi mwanamke ninayeswali vipindi vyote vitano, ananitazama utafikiri nimetukana. "Hajira, nifunge nikiwa nanuka gongo?"

Ndipo wakaja watafiti. Walikuwa na nyumba ya vitanda kumi na viwili pale Mkuza, wanatafuta walevi wasio na makazi. Mtu analazwa, analishwa, muuguzi yupo, na pombe yake anapimiwa kwenye kikombe asubuhi, mchana na jioni, kila baada ya siku chache wanaipunguza kidogo mpaka mwili uzoee. Wanaita kupunguza madhara. Watu wa Mkuza walipiga kelele, eti walevi wanapewa pombe ya bure. Na mimi ningepiga kelele nao kama nisingeuona ulimi wa Mwishehe.

Aliyekuja sokoni na maswali alikuwa kijana mmoja mtaratibu, Evodius, Mhaya wa Bukoba, na kishikwambi chake mkononi. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama," nikamwitikia, nikampa benchi. Akamgeukia Mwishehe.

"Mzee wangu, kwenu ni wapi?"

"Kwetu Maneromango, Kisarawe."

"Kuna nyumba huko?"

"Nyumba ya marehemu baba. Vyumba vitano, bati juu."

"Kwa hiyo mzee makazi unayo?"

Mwishehe akajiweka sawa kwenye benchi. Wauza dagaa wote walikuwa wanasikiliza. "Ninayo, mwanangu. Mimi nina kwetu."

Na mimi, mwenye mdomo usiojua kutulia, nikadakia, "Usimwone hivi ukamdharau. Huyu kwao ni watu, wana mikorosho mpaka basi!" Nilikuwa namlindia heshima yake mbele ya mgeni. Evodius akatabasamu, akagusa kioo, akaenda zake.

Wiki iliyofuata majina yakatoka. Vitanda kumi na kimoja vimepata watu, Mwishehe hayumo. Nikaacha uji jikoni nikapanda gari mpaka ofisini kwao Kibaha, nikamkuta Evodius na karatasi zake. Akafungua kishikwambi akasoma: ana makazi, imethibitishwa na jirani.

Imethibitishwa na jirani! Jirani ni nani kama si mimi? Nilichemka, nikampa vidonge vyake palepale. "Wewe msomi gani? Unamuuliza mtu mzima, mbele ya watu, kama ana kwao, ulitaka ajibu nini? Nani katika nchi hii hana kwao? Hata kichaa wa stendi ana kwao! Mtu analala chini ya dagaa, macho yako yanaona, unaandika ana makazi?"

"Mama, swali ndivyo lilivyoandikwa."

"Basi aliyeliandika hajawahi kufukuzwa! Muulize mtu akienda leo, nani atamfungulia mlango. Hilo ndilo swali."

Kijana akachukua kalamu akaliandika pembeni ya karatasi. Nilimheshimu kidogo kwa hilo. Lakini kanuni zao hazikuwa mkononi mwake. Jibu likishaandikwa halibadilishwi mpaka ndugu wa damu aseme kwa mdomo wake kwamba mtu huyo hana pa kulala. Kitanda kimebaki kimoja, mwisho Ijumaa. Tulikuwa Jumanne.

Jumatano nikaenda Maneromango. Nibadilishe gari hapa, nibadilishe pale, nimefika adhuhuri imeshapita, vumbi mpaka kwenye kope. Seifu, mdogo wake Mwishehe baba mmoja mama mmoja, alinipokea vizuri ajabu. Akaniandalia mkeka, mkewe akaleta wali na kisamvu cha nazi. Nikamweleza shida iliyonileta. Uso ukambadilika.

"Niseme kaka yangu hana makazi? Watu watanielewaje, dada? Mwishehe kwao ni hapa. Chumba chake kipo."

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Magunia ya korosho yamepangwa mpaka darini. Paka asingepata pa kujinyoosha.

"Yatatolewa," akasema.

"Sawa. Namleta kesho?"

"Aache pombe kwanza. Alikuja kwenye hitima ya baba amelewa, akaanguka mbele ya masheikh. Mimi nina mabinti humu ndani, dada. Aache kwanza."

"Akiacha peke yake anakufa, Seifu."

"Kifo anapanga Mungu."

Nikamsonya. Msonyo mrefu, mbele ya mke wake, baada ya kula wali wake. Sijuti. Mtu anashindwa kumpa ndugu yake chumba, na anashindwa kusema kwamba hampi! Anataka vyote, magunia yake na jina zuri kijijini. Nikachukua namba yake ya simu nikaondoka.

Ijumaa asubuhi Evodius akaja sokoni. Nikampigia Seifu palepale kwenye benchi, nikaweka spika. Nilimpa Mwishehe ishara anyamaze. Kwa nini sikumpeleka mbali kwanza? Najiuliza mpaka leo. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na hasira, na labda nilitaka asikie ili aache kutuambia habari za kwao. Mungu anisamehe.

Evodius akajitambulisha kwa adabu. Seifu akaanza wimbo uleule, kaka yangu ana kwao, nyumba ya baba ni yake pia. Nikamnyang'anya kijana maneno.

"Seifu, hapa tuko sisi na kishikwambi cha watafiti tu, hakuna wa kukucheka. Sikuulizi kwao wapi. Mwishehe akigonga mlango wako leo jioni, utamfungulia?"

Nilisikia kuku wa Maneromango.

"Seifu, nimekuuliza."

"Hapana," akasema. "Simfungulii."

Evodius akagusa kioo chake. Kitanda cha kumi na mbili kikawa cha Mwishehe. Ndicho nilichokihangaikia wiki nzima, na nilikaa pale nikitamani kuivunja ile simu.

Mwishehe alikisukuma kikombe kando kwa kiwiko. Akainama karibu na spika, mikono inamtetemeka, maana siku hiyo alikuwa bado hajagusa kitu.

"Seifu, mdogo wangu," akasema, "nimekusikia. Haya, wasalimie wote nyumbani."